Mgonjwa Asisubiriwe Mpaka Nguo Zimpwaye

Watu wengi kwetu Pemba wanaamini kwamba dripu ni chakula. Jamaa akimkuta mgonjwa wake ametundikiwa chupa, moyo humtulia, na siku hiyo kapu la chakula likichelewa hakuna anayeshughulika, maana "keshatiwa maji, nguvu anazo." Nimefanya uuguzi katika wodi za watu wazima kisiwani hapa kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na imani hii imeniuma kuliko nyingine zote. Chupa ya lita moja ya maji ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 tu za sukari, yaani kalori zisizozidi 200. Ya maji ya chumvi haina hata kalori moja. Mgonjwa wa kilo 50, japo amelala tu kitandani, huhitaji kalori baina ya 1,250 na 1,500 kwa siku, kwa hesabu ya kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili. Tena anahitaji protini gramu 60 au zaidi, kwa sababu homa na vidonda huufanya mwili uvunje misuli yake wenyewe. Dripu humwokoa aliyekaukiwa maji na hupitisha dawa. Kushibisha haishibishi.

Na misuli inayokwenda si ya mikono na miguu peke yake. Inakwenda ya kifua, anayotumia kuvuta pumzi na kukohoa makohozi. Ngozi ya mgongoni inakuwa nyepesi, vidonda vya kulalia vinaanza. Mtu aliyeingia kwa nimonia akitembea anatoka amebebwa, na nimonia imeshapona.

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Uswisi uliofanyika katika hospitali 8, kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa katika hatari ya utapiamlo. Nusu yao walipangiwa chakula kwa hesabu ya kila mtu na mahitaji yake, nusu wakala chakula cha kawaida cha hospitali. Ndani ya siku 30 walifariki watu 10 katika kila 100 wa kundi la pili, na 7 katika kila 100 wa kundi la kwanza. Daktari mmoja alitusomea matokeo hayo kwenye kikao cha asubuhi. Watu 3 katika kila 100, na kilichowaokoa ni chakula. Tangu hapo, nikipita kitanda kwa kitanda, swali langu la mwanzo baada ya salamu limekuwa: jana ulikula nini, na kiasi gani?

Jawabu, mara nyingi, ni uji.

Kwetu ugonjwa na uji haviachani. Mtu akianza homa tu, sufuria inatiwa maji. Na uji wa mgonjwa hupikwa mwepesi makusudi, ateremshe bila tabu. Huruma yake naielewa, lakini kikombe cha robo lita cha uji wa namna hiyo, wenye vijiko viwili vya unga na sukari kidogo, hakizidi sana kalori 100. Akinywa vikombe vitatu kutwa tumbo limejaa, jamaa wanasema leo Alhamdulillah amekunywa, na mwili umepata robo ya haja yake au pungufu.

Sijapata kumwambia mtu aache uji. Ninachofanya ni kukaa na anayepika. Bibi mmoja wa Kengeja alikuwa kwetu na maradhi ya kifua, na mkwe wake alimletea uji wa mchele kwenye chupa ya chai asubuhi na jioni, kwa adabu na mapenzi makubwa. Nilimwomba abadilishe vitu vitatu tu. Badala ya maji apikie maziwa. Akitoa jikoni akoroge vijiko viwili vya njugu (karanga) zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikatoa mafuta. Mwisho atie kijiko kidogo cha samli. Kikombe kilekile, na ukubwa uleule, kikapita kalori 400, na protini yake ikafika kama gramu 15. Bibi akasema uji wa leo mtamu, mmetia nini? Pale ndipo niliposadiki kwamba kazi hii iko zaidi kwenye mikono ya wake na mabinti wa wagonjwa kuliko kwenye kabati la dawa.

Asiyekuwa na uwezo wa maziwa kila siku ana njia nyingine. Tui la kwanza, lile zito, lina mafuta mengi na nazi kwetu haikosekani. Dagaa wakavu, wakitolewa vichwa, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa laini, hugeuka unga wa kutia kwenye mchuzi, kwenye mbatata za kuponda, hata kwenye uji wa chumvi. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kina protini inayokaribia ya yai zima. Ila dagaa nao wana siku zao, mwezi ukiwa mpevu hawapatikani, na kusi likivuma samaki hupanda bei. Ndiyo maana nawaambia watu waweke akiba ya unga wa dagaa kwenye mkebe mkavu. Chooko (choroko) za nazi zilizopikwa mpaka zikavunjika na kuchujwa maganda ni chakula cha mgonjwa hasa. Bokoboko pia. Watu hulipika kwa sikukuu na harusi, na mimi sijaona chakula cha Kizanzibari kinachomfaa zaidi mtu asiyeweza kutafuna: ngano, nyama na samli, vyote vimeshapondwa.

Kuna ufundi mmoja unaostahili kurudishwa majumbani, nao ni unga wa kimea. Ulezi unaloweshwa, unaachwa uote, unaanikwa ukauke, kisha unasagwa. Uji ukipikwa mzito, wa kusimamisha kijiko, ukaachwa upoe kidogo mpaka uwe vuguvugu, ukatiwa kijiko kimoja cha kimea na kukorogwa, baada ya dakika chache unalegea wenyewe na kunyweka, bila kuongezwa tone la maji. Unga uliomo ni mwingi lakini mgonjwa hausikii uzito wake. Urejeshwe motoni uchemke tena kidogo kabla ya kumpa.

Wenye kisukari, wenye maradhi ya figo na ya moyo wana mpango wao. Maziwa, njugu, sukari na chumvi kwao hupimwa na daktari, na mambo ya jirani yasiigwe.

Tatizo jingine ni kwamba kukonda huonekana kukiwa kumeshachelewa. Macho ya wanaomwona mtu kila siku huzoea. Jamaa aliyekuja kwa boti kutoka Unguja ndiye anayeshtuka mlangoni. Kwa hiyo mimi nashikilia mizani. Mgonjwa apimwe siku ya kuingia, na apimwe tena kila wiki, kwa mizani ileile, kabla ya kula, na nguo nyepesi. Aliyekuwa na kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia, hiyo ni asilimia 5 na ni ishara ya kuchukua hatua, hata kama bado anaonekana mnene. Asiyeweza kusimama apimwe mkono wa juu kwa utepe, katikati ya bega na kiwiko. Ikiwa chini ya sentimita 23.5 kwa mtu mzima, aghlabu uzito wake ni mdogo. Nyumbani kusiko na mizani, waulizeni wenyewe: pete inavuka? Msuli wa kuvaa kiunoni unafungwa mara mbili? Meno ya bandia yanacheza? Tahadhari moja kwa wenye miguu iliyovimba: maji yaliyojaa mwilini huongeza kilo, na mtu huweza kukonda huku mizani ikipanda. Kwao utepe wa mkono unasema kweli zaidi.

Halafu kuna neno "amekataa chakula." Huandikwa kwenye jalada, husemwa na jamaa, na likishasemwa mambo huishia hapo. Mvuvi mmoja mzee wa Kojani alisemwa hivyo. Watoto wake walimletea mkate wa kumimina, changu wa kupaka, kila alichokuwa akikipenda, akageuza uso. Nilimwomba, "Babu, nifungulie mdomo." Ulimi na kaakaa vilikuwa vimefunikwa utando mweupe, na chini yake nyama nyekundu, mbichi. Kila tonge lilikuwa likimchoma. Akaandikiwa dawa ya fangasi ya kuzungusha mdomoni, tukampa maziwa baridi, mtindi na ndizi mbivu za kuponda, na haikupita wiki akaanza kuuliza samaki.

Tangu siku nyingi naangalia mdomo kwanza. Kisha namuuliza mambo mengine: maumivu, na kama dawa ya maumivu anaipata nusu saa kabla ya chakula au baada ya sahani kuondolewa, choo, maana aliyefunga choo siku nne hana nafasi tumboni, kichefuchefu, dawa zinazoacha ladha ya chuma mdomoni, harufu ya vyakula vya vitanda vya jirani. Huzuni pia huziba koo. Kuna mama aliyefiwa na mwanawe baharini akiwa yeye mwenyewe amelazwa, na hakuna njugu wala samli iliyofaa mpaka dada yake alipopewa ruhusa ya kukaa naye mchana kutwa.

Shangazi wa mgonjwa mmoja alinikabili kwa hadithi inayojulikana, ile inayotaka tusiwalazimishe wagonjwa wetu kula na kunywa. Alisema, "Mwanangu, mbona mnamsumbua?" Nilimjibu kwa heshima kwamba sitomlazimisha, na kweli sikumlazimisha, kijiko kinachosukumwa mdomoni kinazidisha kinyaa, na kwa mtu dhaifu kinaweza kupeleka chakula mapafuni. Lakini kulazimisha ni kitu kimoja, kubembeleza ni kingine. Tulikubaliana mgonjwa apewe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, sahani ndogo, chakula kizito kwa nguvu, na akisema basi iwe basi mpaka zamu nyingine. Shangazi mwenyewe ndiye akawa mlinzi wa saa.

Sinia nayo ina pande mbili. Mgonjwa akirudi nyumbani huketishwa mkekani na wenzake, na kula kwa pamoja humfungua hamu; hilo nimeliona mara nyingi na silipingi hata kidogo. Ila kwenye sinia hakuna anayejua mgonjwa amekula tonge ngapi. Wenzake wanakula haraka, yeye mkono wake mzito, kitoweo kinamalizika. Nawashauri wamwekee sahani yake palepale mkekani, chakula kilekile, kitoweo chake kimetengwa, na aanze na kitoweo. Wali mweupe ukitangulia unamjaza, samaki anabaki.

Msimu wa karafuu nausubiri kwa wasiwasi. Watu wote wako mashamba, wanaochuma na wanaochambua, na mgonjwa aliyelazwa huachiwa mtoto wa skuli au hana mtu kabisa. Uzito wa wagonjwa wangu hushuka wakati huo. Nimewahi kuwaomba akina mama wa vitanda vinavyopakana wapike kwa zamu, mmoja alete chakula cha wawili, na hawajanikatalia. Pia nawaomba wanaokuja kumkagua mgonjwa waache soda na juisi za boksi. Mayai ya kuchemsha, tende, njugu, mtindi, hivyo ndivyo vya kumletea.

Njaa nyingine tunaitengeneza wenyewe wahudumu. Mgonjwa anaambiwa asile tangu jioni kwa ajili ya kipimo au upasuaji, zamu yake inafika alasiri, au inaahirishwa hadi kesho, na kesho hivyohivyo. Kwa upasuaji wa kupangwa, kwa wengi inatosha kuacha chakula saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu saa 2 kabla. Anayemlinda mgonjwa ana haki ya kuuliza: aache kula saa ngapi hasa, na kikiahirishwa ale mara moja? Aulize bila kuona haya.

Waliopata kiharusi wanataka uangalifu wao. Aketi wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kiwe kidogo, kinywaji kiwe kizito kidogo, asisemeshwe akimeza, na abaki ameketi nusu saa baadaye. Sauti ikiwa ya majimaji au akikohoa kila akimeza, simamisheni na mwiteni muuguzi. Babu mmoja wa Makangale hakuweza kumeza kabisa, na daktari akashauri mpira wa puani wa kumpitishia chakula mpaka tumboni. Watoto walikaa kikao nje ya wodi wakakataa, kwa kuwa wamesikia kuwa mpira ni safari ya mwisho. Binti yake mkubwa alirudi peke yake kuniuliza. Nilimweleza kwamba mpira huo hutolewa pindi kumeza kukirudi, na kwamba kila siku ya kungoja inamlaza baba yake zaidi. Akawarejea ndugu zake, wakaridhia. Alijifunza kila kitu: kuinua kichwa cha kitanda, kuchuja chakula kisizibe, kupitisha maji safi kabla na baada, kutomimina chochote kabla muuguzi hajahakikisha mpira uko tumboni. Babu alitolewa mpira akiwa anakunywa uji mzito kwa kijiko.

Hatari iliyo kinyume chake watu hawaijui. Mzee aliyekuwa akiishi peke yake shambani aliletwa baada ya siku nyingi bila chakula cha maana, na jamaa, kwa furaha ya kumkuta hai, walichinja kuku wakaleta pilau. Niliwazuia, wakaniona mkatili. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka katika damu, na moyo unaweza kwenda mrama. Aliyekaa zaidi ya siku 5 bila kula au akila kidogo mno huanzishwa kwa nusu ya mahitaji yake, wakati mwingine chini ya hapo, akapewa vitamini B1, akapimwa damu, kisha huongezwa pole pole. Pilau alikula baadaye, na waliompikia walikuwepo.

Upo ukondefu ambao chakula peke yake hakiuzuii. Saratani iliyokwisha kuenea huubadilisha mwili mpaka misuli inayeyuka hata mtu akila. Hapo nawaeleza jamaa kwa upole kwamba lengo limebadilika: tunatafuta ladha na raha, kijiko cha aiskrimu, kipande cha embe, kulowesha midomo. Mabinti hujilaumu sana wakati huo, wakidhani mama anakufa kwa kuwa wao hawakumlisha vya kutosha. Nakaa nao. Nawaambia waziwazi kwamba hakuna uji ambao ungelizuia hilo.

Kwa wenye TB hali ni nyingine kabisa, na matumaini yangu ni makubwa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa jimbo la Jharkhand, India, ambako jamaa wanaokaa nyumba moja na wagonjwa wa TB walipewa vyakula vya kila mwezi. Walioambukizwa wakaugua walipungua kwa karibu asilimia 40. Na wagonjwa wenyewe walioongezeka uzito kwa asilimia 5 katika miezi 2 ya mwanzo walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufariki. Ndiyo maana katika tiba ya miezi 6 mimi huuliza chungu cha nyumba nzima, nikauliza na watoto wanakula nini. Wapo wanaotaka kufunga Ramadhani huku wakimeza dawa na kilo zinashuka. Hao nawaomba wazungumze na daktari na sheikh wao mapema, kwenye Shaaban, kwani Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine.

Siku ya kuruhusiwa naandika uzito kwenye kadi, kwa tarakimu kubwa, na tarehe. Namuita anayepika, si mgonjwa tu, narudia naye uji, dagaa, sahani ya peke yake. Namwambia apimwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi, na kadi iandikwe kila mara. Zikipungua kilo 2 ndani ya mwezi, arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki.